Manjano Isiyokuja

Wenatchee, mwezi wa tano.
Matufaha yamechanua bonde zima,
meupe hadi ukingoni mwa mto Entiat,
nami niko chini, chumba kisicho na dirisha,
nasaga ubongo wa samoni wachanga,
kila mmoja hauzidi punje ya dengu.

Arobaini na wawili leo.
Wazaliwa wa mtoni, si wa kufugwa,
wale wanaohesabiwa mmoja mmoja
kama fedha za mwisho wa mwezi.
Kibali chetu ni cha wafu tu.

Mama aliniuliza kwenye simu:
hicho kimeng'enya ndiyo nini, mwanangu?
Nikamwambia, kuna mjumbe anapita kwenye neva,
anapiga hodi kwa msuli, msuli unajikunja.
Ujumbe ukifika, hana kazi tena.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
kimeng'enya ndicho kinachompa jembe,
na hakingoji siku ya tatu,
ni kufumba na kufumbua.
"Na hiyo dawa ya wadudu?"
Dawa inakishika mikono, Mama.
Basi ni hodi, hodi, hodi, hodi,
na hakuna wa kumwambia mtu aende.
Akanyamaza kidogo.
"Maskini samaki. Wewe umekula?"

Natia tone la mwisho, nawasha saa.
Waliookotwa juu ya mashamba
wanageuka manjano kabla ya dakika ya pili,
manjano ya bizari ikigusa mafuta.
Wa chini ya mashamba, baada ya mvua ya Jumanne,
dakika ya tano, ya nane,
maji ya kusuuzia kikombe.
Daktari Thorsby anaandika tarakimu, hasemi neno.
Mimi ningeandika hivi:
sumu haikumuua huyu,
ilimchelewesha tu.
Kivuli cha korongo kilipita juu ya maji
na mkia ukatii baadaye.

Jioni, kwenye foleni ya duka,
Ramiro Olvera, dereva wa trekta ya kupulizia,
ana plasta kwenye kiwiko kwa ndani.
Wamempima damu. Imeshuka.
Wamemwondoa kwenye trekta, sasa anafagia ghala.
"Na nyie mnapima nini kule?"
Samaki, nikasema. Ubongo wao.
"Mnatafuta nini humo?"
Nilikitaja kimeng'enya kwa jina lake refu,
na yeye akalimalizia,
silabi kwa silabi,
kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa.
Akacheka. "Basi tuko foleni moja."
Sikujua nicheke au nisicheke.

Kikapuni nilikuwa na matufaha manne,
ya mwaka jana, ya chumba cha baridi.
Sikuyarudisha.
Nyumbani niliyaosha mara tatu,
nikala moja nimesimama kwenye sinki,
bomba bado linatiririka.
Lilikuwa tamu.