Tokeni ya Kintinku

Saa kumi na moja alfajiri niko Kizota, machinjioni,
na chupa ya chai isiyo na chai:
ndani mna barafu na maji ya chumvi.
Ndahani mchinjaji hanicheki tena.
Ananipa kibofu cha mbuzi kwa mikono miwili.
"Wenzio wanaomba maini," anasema.

Maabara iko juu kilimani, upepo unasukuma vioo.
Nakata ukanda mwembamba kama utambi wa koroboi,
naufunga uzi huku na huku,
nautundika katika maji ya joto la mwili,
hewa ikipanda viputo viputo.
Nasubiri.
Msuli laini hauna bwana,
huwezi kuuamuru kama unavyoamuru goti.
Unajinyoosha, unatulia,
unasahau kwamba mwenyewe kaliwa supu.

Naminya kitufe. Umeme unapita,
na kalamu inapanda mlima kwenye karatasi.

Lakini si umeme ulioushika msuli.
Umeme hufika ukingoni mwa neva ukaishia hapo,
kama kengele chumbani mwa baba,
stesheni ya Kintinku, enzi zake za kofia na filimbi.
Waya ukisema njia ni nyeupe hadi Makutupora,
bado treni imesimama, inahema.
Kengele haiendeshi treni.
Baba hutoka na taa, hunyoosha mkono gizani,
dereva hunyoosha wake,
na kati ya mikono hiyo miwili, mahali pasipo na kitu,
tokeni huvuka.

Asetilikolini: hilo ndilo jina la tokeni.
Vifuko vyake vinapasuka ukingoni,
inavuka pengo ambalo unywele usingepita,
inatua katika tundu lililochongwa kwa ajili yake.
Ndani, kalsiamu inafunguliwa; msuli unajikunja.
Kisha kimeng'enya kinaikata vipande,
kinafagia jukwaa.

Leo nadondosha atropini.
Inakalia tundu na haifungui,
abiria asiye na tiketi kwenye kiti cha mwenye tiketi.
Naminya tena, nikingoja mstari bapa
kama mbuga ya Bahi mwezi wa kumi.

Kalamu inapanda.
Si sana. Kilima chembamba, cha haraka.

Nimekaa nakitazama hadi umeme wa mtaa ukakatika.

Kwa kuwa baba naye anameza dawa ya ukoo huohuo.
Imemkausha mate;
hawezi kumeza ugali wa uwele bila maji,
na maji ndiyo anayoyaogopa.
Bado anaamka mara sita.
Shuka anazifua mwenyewe kabla sijaamka,
anazianika nyuma ya choo, upande ambao majirani hawaoni,
na mimi najifanya sijui shuka zetu ni ngapi.

Kuna mjumbe wa pili.
Adenosini yenye fosfeti tatu,
sarafu ileile ambayo kila seli hulipia kazi zake,
neva huitoa pamoja na ya kwanza, mfuko mmoja.
Kwa kijana husikika kwa shida.
Kwa mzee, kibofu kikishasumbuka, sauti yake hukua.

Jioni nikamuuliza, sikutaja kibofu:
"Mashine ya tokeni ikigoma, mlifanyaje?"
Akaacha kuchambua mbegu za alizeti.
"Kibali cha karatasi. Naandika, nasaini, dereva anasaini.
Treni inakwenda, lakini polepole."
"Na kama inakwenda mbio kuliko yenye tokeni?"
Akanitazama, Mzee Chilongani, kitambo.
"Basi hiyo haina karatasi. Huyo dereva kajiendea."
Kisha, bila kuinua macho:
"Unaulizia mimi, sivyo?"

Usiku nasikia kiganja chake kikipapasa ukuta wa ukumbini,
tochi mbele, ndara zikiburuzika,
anakwenda kupitisha treni asiyoiita.
Nahesabu. Ya nne.

Kesho nitamwomba Ndahani viwili,
na kimoja kiwe cha beberu mzee.