Kina cha Neno

Saa saba za usiku, Ruwi, ghorofa ya nne,
juu ya duka la mapazia lisilozima taa.
Kiyoyozi kinakohoa. Kahawa imeota ngozi.
Kwenye skrini maneno mawili: HALUA, na chini yake BARKA.

BARKA limesimama tu, halina neno.
HALUA ndilo lenye kesi.
Bwana Mundhir anataka litoke mbali kama punje ya ufuta,
likue, lije, lijaze ubao wa taa wa barabara kuu,
"mpaka dereva ameze mate,"
alisema, akigonga meza yangu kwa kidole chenye samli.

Linakua. Kukua si kazi.
Lakini litazame ubavuni.
Mwanzo ni karatasi ya sigara;
fremu ya arobaini limekuwa ubao;
likifika mbele, H ni kabati la nguo
na zile A mbili zimevimba kama miguu
ya abiria aliyetoka Dar es Salaam bila kunyoosha goti.
Na BARKA pale chini, na unene wake wa vidole vitatu,
linamtazama jirani
kama unavyomtazama mtu aliyepata cheo.

Nilijaribu kwa mkono.
Alama hapa, alama pale, kumi na saba kwa jumla:
hapa punguza kina, hapa ongeza kidogo.
Kwenye alama, kweli tupu. Kati ya alama na alama
herufi zinanenepa na kukonda
kama shavu la mtu anayetafuna akidhani haonwi.

Nikamwandikia mama, aliye macho Mawaleh kwa sababu ya goti lake:
"Kina kinanibadilika, mama."
Naye mzaliwa wa Tabora, mtunzi wa harusi za watu,
kwake kina ni kimoja tu,
kile cha mwisho wa kipande.
Ikaja sauti yake, bomba la jikoni likitiririka nyuma:

    Neno likipanda ngazi, lisivimbe mabegani,
    Ukubwa ni wa mavazi, kina chake ki mwilini,
    Mizani huwa mlezi, kina mwana mkononi,
    Huyu akipanda juu, yule na ashuke chini.

Nikahesabu kwa vidole, tabia ya utotoni. Nane, nane.
Halafu nikausikiliza tena ule wa mwisho.
Huyu akipanda juu.
Mama hajui programu hii hata jina;
alikuwa ananichamba tu
kwa shairi nililomharibia mwaka juzi.

Nikafuta alama zote kumi na saba.
Nikaandika mstari mmoja mfupi, usio na sauti nzuri:
kina, gawa kwa ukubwa. Kila fremu.
Likiwa maradufu, kina nusu. Likiwa mara nane, thumuni.
Nikabonyeza.
Mwanzoni, sitaficha, ile punje ilikuwa ndefu kama msumari;
nikaifunika kwa moshi wa ubani.
Kisha likatoka moshini, likaja, tunda, dirisha, mlango,
na ubavu wake vidole vitatu, vitatu, vitatu.

Asubuhi Bwana Mundhir alitazama mara mbili
akasema rangi ya zafarani iongezwe.
Ubavu hakuuona. Sikumwonyesha.
Kitu kisichobadilika hakina pa kushikwa.

Ijumaa nilimpitisha mama.
Gari zilikwenda mia na ishirini; neno tulilipata kwa sekunde nne.
Alifumba jicho moja,
akalipima ubavu kati ya kidole gumba na cha shahada,
asibane wala asipanue mpaka tukapita.

"Kina kimekaa," akasema, bila kueleza kipi.
Kisha: "Thuwaiba, na halua yenyewe?
Hakukupa hata kibakuli?"