Tangi la Bi Mwanajaka

Mtongwe stima imepotea tangu magharibi,
nami sikuomba irudi.
Nimepanda paani na miguu mitatu ya kamera,
mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na lenzi ya mtumba yenye ukungu pembeni;
mchana hulala ndani ya kopo la mchele
isiliwe na unyevu.

Ng'ambo, Kilindini haijui giza:
winchi za bandari zimesimama na taa zao
rangi ya chungwa, zimechafua mbingu hadi nusu.
Nusu iliyobaki ndiyo yangu.
Kilimia kile, kimejikunyata.
Nafungua jicho la kamera, nahesabu
sekunde ishirini, nabana hata pumzi.

Kumi na mbili: kurunzi!
Bi Mwanajaka amekuja kugonga tangi lake,
ngo, ngo, ajue maji yamefika wapi.
"Wapiga picha nini, na hapana mtu?"

Usiku wa manane, kwenye kompyuta,
nikapunguza chungwa, nikakoleza weusi,
nikafuta nyaya, antena, winchi, tangi,
na ule mstari mweupe wa kurunzi.
Ikatakata. Ikawa mbingu ya popote,
kama kalenda ya benki.

Asubuhi nikamwonyesha.
Akaisogeza karibu na miwani.
"Nzuri. Lakini tangi langu umelipeleka wapi?"

Nimelirudisha.
Mstari wa kurunzi pia, umepinda juu ya kifuniko,
na Kilimia pembeni yake,
vinyota sita. Cha saba
huenda ni vumbi la lenzi; sikukigusa.