Kadi za Mjomba Idwal

Tulimzika Alhamisi. Jumamosi nikapewa ufunguo wa banda,
maana katika ukoo mzima ni mimi tu nisomaye mwandiko wake.
Kuku angechakura ukasomeka zaidi.

Nilitarajia mashairi. Nikakuta sanduku la viatu,
ndani yake kadi alizokata kwenye paketi za chai,
kila kadi neno moja: maana, asili,
na mara nyingine ugomvi.

Gwennol. Mbayuwayu.
Pia kile kijiti cha mfumi kirukacho na mshindio
katikati ya mtande, kwenda, kurudi, kwenda.
"Nani aliazima jina kwa mwenzake?" ameuliza.
Babu alifuma blanketi miaka arobaini pale Nant-y-gwŷdd,
akafa kifua kimejaa sufu.
Hilo hakuliandika. Hilo nalijua mwenyewe.

Pont. Daraja. Lilikuja na Warumi;
askari wakaondoka, neno likabaki juu ya mto.
"Na kabla yao, watu walivukaje?"
Chini yake, kwa wino mwingine, labda miaka baadaye:
"Walilowa."

Glas. Hapa alimaliza kadi sita.
Rangi ya mbingu, ya nyasi changa,
ya jiwe la paa likinyeshewa.
Mchungaji Elwyn alimwambia achague moja.
Hakuchagua, na kanisani hakuonekana tena.

Awen. Kile kimjiacho mtunzi.
Nduguye ni awel, upepo mwanana.
"Kwa hiyo dirisha lisifungwe."
Nikageuka. Dirisha la banda halina kioo,
na mvua imekula nusu ya meza.

Ya mwisho ilikuwa chini kabisa, imekunjwa.
Llithell. Mwanga upitao chini ya mlango
mtoto akiwa kitandani, wakubwa bado wanazungumza.
Asili: Mama.
Kabla ya Mama: hakuna.

Nimepekua kamusi zake zote, halimo.
Nimepekua vitabu vyake vinne, halimo.
Bibi alilisema. Mama alilisema.
Nahesabu kwa vidole waliobaki nalo,
na kidole cha pili hakiinuki.

Usiku nikamlaza Macsen, nikaacha taa ya ukumbini.
"Mama, ile pale chini ni nini?"
Nikamwambia.
Akajaribu, ulimi ukamteleza, akalikosea.
Nikaenda jikoni, nikakata paketi ya chai,
nikaliandika kama alivyolisema.