Ina

Walinipa madaftari matatu na picha kwenye mfuko wa nailoni,
nyumba ya Shee Madi, mtaa wa Pangahari,
niwapigie chapa kitabu cha nasaba yao:
vizazi saba, kila mtu na ukurasa wake,
na nyuma kabisa, karatasi ya kukunjua,
mti wenye maina yao wote.

Ina. Kiamu cha nyumbani hatusemi jina.
Ndivyo nilivyoiita na ile amri:
mkwaju ulioinamia nyuma, kisha herufi tatu,
kibahasha ambacho mashine hukichana
na kukuta ndani mtu wa ukurasa huo.

Nikaagiza: kila ukimaliza mmoja, weka ina akiba,
mwisho wa safari uyapange mtini.
Nikaenda kusali laasiri.
Niliporudi, printa imetema karatasi ya moto,
na wote tisini na mmoja,
toka babu aliyechimba kisima
hadi mabinti waliochukuliwa na ndui,
wanaitwa Swafwan.

Swafwan ana miaka miwili. Ndiye wa mwisho daftarini.
Juzi alimeza kifungo.

Kosa nililijua kabla sijakaa.
Mashine haina ubishi. Ukiipa bahasha
inabeba bahasha, imefungwa vile vile,
inapita nayo vizazi vyote saba,
na kule mwisho ndipo inapoichana
isome kilichomo saa hiyo.
Mjumbe hauawi. Mimi niliyemtuma
sikumwambia: fungua hapa, mbele yangu,
beba kilichomo, bahasha niachie.

Nikajaribu neno la kufungua vyote.
Likafungua maina, likafungua na mapambo,
ua la pembeni likavunjika vipande vipande
kama mtu aliyefumua kofia atafute uzi unapoanzia.
Nikalifuta.
Nikachukua lile jingine, la kuruka:
ruka ngazi moja, gusa kilicho mbele,
kifungue mara moja tu, kisha rudi ulipokuwa.
Likiandikwa peke yake ni jepesi.
Yakifuatana matatu, unashika kichwa.

Mara moja tu. Kwani ukurasa wa kumi na mbili
yuko Zafarani, na hilo ni ina
alilopewa na waliomnunua.
Chini yake liko jingine.
Nilimuuliza Bi Rukiya, akaangalia kucha zake
zilizoanza kutoka hina,
akasema, "Andika hilo hilo."
Ngazi ya pili hakuna aliyebaki wa kuifungua.

Stima ilikatika mara mbili usiku ule.
Karibu na alfajiri mti ukatoka umetimia,
kila mtu kwenye tawi lake, kwa ina lake,
na Swafwan chini kabisa, mdogo, mmoja.

Bi Rukiya aliupitia kwa kidole, midomo ikicheza.
Akafika mwisho, hakuinua kidole.
"Na wa Tuma?"
Tuma ana mimba ya miezi saba.
"Ina lake nani, Bi?"
"Halijaya."

Nikarudi kwenye kiti.
Wote wale niliwahimiza wafunguliwe mapema,
huyu mmoja nikamwekea neno la kinyume,
mlinzi wa kusimama mbele ya amri na kusema:
hii usiiguse, ipite ilivyo.
Mtini, kando ya Swafwan, nikaacha tawi
na juu yake bahasha iliyofungwa,
isiyo na kitu ndani.

Simu ilikuja Alhamisi. Mtoto wa kike.
Upande wa baba wanataka la bibi yao,
upande wa mama hawataki hata kulisikia,
na kitabu kinangoja mezani kwangu
chini ya jiwe, upepo usikipekue.

Kila asubuhi naendesha faili, basi tu, nione.
Mashine inafika mstari wa mia nne na kumi,
inasimama, inalalamika:
amri haijulikani.

Naiambia, najua.
Naiambia, endelea.