Sahihi

Kazi yangu ni dirisha lenye nondo,
daftari, na kalamu iliyofungwa uzi
maana hata kituoni kwetu kalamu huibiwa.
Namba ya silaha, jina, saa, sahihi.
Miaka sita hapa Chang'ombe
nimewajua wenzangu kwa miandiko kuliko kwa nyuso.
Afande Mbwiga hutia sahihi kama anayekanyaga mende.
Koplo Magesa alikuwa na G yenye mkia,
mkia unavuka mstari, unaingia safu ya maoni,
nikawa namtania: hiyo G yako ilipe kodi ya pango.

Masika ile Msimbazi ulipofurika Jangwani
yeye ndiye aliyeingia maji ya kifua
akatoka na mtoto, amemfunga kanga isiyojulikana ya nani.
Tulimpa pole kwenye korido.
Akapewa siku moja ya mapumziko;
akaitumia kupiga pasi magwanda.

Kisha G ikaanza kufupika.
Mwezi wa tano mkia haukuufikia mstari.
Mwezi wa sita ulikuwa kidoti.
Niliona. Nakiri kwamba niliona.
Nikasema ni uchovu, nikasema ni deni la saccos,
nikasema mkewe yuko Musoma na kota hazina mpishi.
Tumefundishwa kusoma alama za matairi,
damu iliyokauka ina saa ngapi;
kumsoma mwenzako hakumo kwenye mtaala.
Depo walituambia polisi halii,
polisi hutoka jasho la macho.
Tulicheka sana.

Jumanne, zamu ya usiku,
alikuja dirishani kabla ya wakati.
Amenyoa. Amerudisha elfu kumi na tano
nilizomkopesha tangu Idi,
na redio yake ndogo juu:
"Kaa nayo, Tekla. Wewe mtu wa taarabu."
Akashika kalamu.
Akachora mstari. Mstari tu, umenyooka.

Nikalifunga daftari.
Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya kuruta:
"Magesa, unawaza kujiua?"

Nilidhani neno lenyewe lingebomoa ukuta.
Halikubomoa kitu. Feni iliendelea kukwaruza.
Kaunta, mtu alikuwa akibishana juu ya bodaboda yake.
Magesa alinitazama kwa muda mrefu kama foleni ya benki
mwisho wa mwezi.
"Silali," akasema. "Nikifumba macho
ile kanga inakuwa nzito."

Usiku ule dirisha langu halikumpa kitu
ila kiti changu mwenyewe.
Nilimwita Mbwiga ashike funguo,
nikatoka upande wangu wa nondo.
Chai ya rangi, sukari imekwisha.
Akatoka jasho la macho
hadi mkono wa shati ukabadilika rangi,
na hakuna aliyecheka.
Alfajiri tulipanda bajaji, magoti yamebanana,
hadi kwa Sista Anyosisye, kliniki ya akili,
ambaye hakumwita afande, wala koplo.
Alimwita Sospeter.
Nilishtuka. Nilikuwa nimelisahau jina hilo.

Kwenye safu ya maoni niliandika:
Silaha haikutolewa. Mwombaji anaumwa.
Mkuu akauliza, anaumwa nini?
Anaumwa, afande, kama mguu unavyoumwa.
Akanyamaza. Akavua kofia, akaivaa tena.
Akatia sahihi, na mwisho wa sahihi yake
wino ulitetemeka kidogo.
Hilo nalo nimeliona.
Safari hii sitasubiri hadi mwezi wa sita.

Magesa sasa yuko meza ya mbele,
anaandika taarifa za vitambulisho vilivyopotea.
Alhamisi huenda kliniki. Kuna siku hasemi na mtu,
na kuna siku tunamtuma andazi, anakwenda, anarudi na chenji pungufu.
Redio nimemrudishia;
taarabu siipendi, alikuwa amekosea.

Jana alinisainia karatasi ya posho.
Nilisubiri ageuke, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
G.
Ina mkia. Mfupi, umepinda,
umeugusa mstari.