Mashine ya Mnadani

Niliinunua mnadani, nyuma ya bohari moja Kizota,
elfu themanini, na kamba ya kuifungia kwenye bodaboda.
Ubavuni bado ina namba ya mali ya ofisi iliyohama,
rangi imechubuka kama kiwiko cha mwashi.

Zamani iliwaza mpaka chai inapoa.
Kila asubuhi ilinidai: nakala hii si halali,
lipa, thibitisha, lipa,
mbele ya wateja, kama mwenye nyumba mlangoni tarehe moja.
Na virusi! Kila flashi iliyotoka chuoni
ilileta wageni wasiobeba hata mkeka.

Chilongani, mtoto wa dada, akaja na flashi yake.
"Mamdogo, tuifute yote."
Nikashika moyo. Humo mna barua za watu,
mna hati ya kiwanja cha Mwaja
ambayo hata mwenyewe kaipoteza.
Tukazihamisha kwanza, moja moja,
kama vifaranga mvua ikianza.
Kisha akaandika, skrini nyeusi, herufi nyeupe,
nami nikaenda kusonga ugali wa uwele.
Niliporudi mashine imeamka na sura ngeni,
haidai kitu.

Nisidanganye. Printa iligoma siku tatu.
Siku tatu wanafunzi wakahamia kwa jirani mwenye feni.
Majedwali ya Bwana Mwaluko, afisa mifugo wa kata,
yalifunguka yamepinda,
ng'ombe wameingia safu ya mbuzi.
Nikamwambia Chilongani anirudishie mdai wangu,
nilishamzoea.
Siku ya nne, saa tano, umeme umekatika ukarudi,
printa ikakohoa ukurasa wa kwanza.
Sijawahi kusoma tangazo la mkutano wa maji
kwa furaha ile.

Maneno yake ni nusu Kiswahili, nusu Kiingereza,
shamba lililopaliliwa upande mmoja
mpaliliaji akaitwa msibani.
Nani kaandika haya, Chilongani?
Watu tu.
Wanalipwa na nani?
Wengine hawalipwi.
Nikamkumbuka mama, Ihumwa, siku ya ujima:
debe moja la pombe, majembe ishirini,
shamba limekwisha jua halijachoma utosi,
wala hakuna aliyeuliza
shina lipi ni la nani.

Basi jana usiku, upepo wa Agosti ukirusha mchanga mlangoni,
nikaona neno limekosewa.
Pale pa kuhifadhi kazi wameandika "Okoa",
utadhani barua ya mtu imezama Mto Kinyasungwe.
Nikaandika "Hifadhi". Chilongani akanionyesha pa kutuma.
Chini nikaweka jina:
Nyemo Msanjila, Nkuhungu.

Sijajibiwa.
Leo nimefagia vumbi kwenye vitufe kwa brashi ya rangi,
nimechapa wasifu wa binti anayeomba kazi ya uhudumu,
nikabonyeza Okoa,
ikaokoka.